Maswali ya wasomaji: Oili ya cheni inatakiwa ndani, si nje

Vumbi limeanza, na barua za cheni zimejaa. Tumechagua saba ambazo majibu yake yatawafaa wengi, hasa wanaotumia pikipiki za cc 100 hadi 150 kwa kazi ya kila siku.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Naendesha bodaboda, pikipiki ya cc 150. Cheni naipaka oili kila asubuhi kabla ya kutoka, ile oili chafu inayomwagwa injini ikibadilishwa oili. Kwa nje cheni ni nyeusi, inang'aa. Lakini inalia kama imekauka, na kwenye viungo unatoka unga mwekundu. Nakosea wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Bidii unayo. Unapokosea ni mahali pa kuipaka, saa ya kuipaka, na oili yenyewe.

Itazame cheni kwa karibu. Ina mabamba ya nje, mabamba ya ndani, pini, bushi (mrija mdogo wa chuma), na rola, yaani kile kigurudumu kinachokaa kati ya meno ya sproketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni, dogo mbele na kubwa nyuma. Pini huioni, imo ndani ya bushi, na kazi yote iko hapo. Kila kiungo kikiingia kwenye sproketi hukunjwa, kikitoka hunyooka. Kwa pikipiki yenye sproketi kubwa ya meno 42, tairi ya 3.00-17 na cheni ya viungo 118, pini moja husuguana na bushi yake zaidi ya mara 700 kwa kila kilomita. Oili hufika kwenye pini kwa njia moja tu: ule mwanya mwembamba, kama wa kupitisha wembe, kati ya bamba la ndani na bamba la nje. Oili iliyopakwa mgongoni mwa mabamba haifiki huko. Inakaa nje, inashika vumbi la Dodoma, na mchanganyiko huo hugeuka msasa wa majimaji.

Unga mwekundu ndio ushahidi. Ni chuma cha pini na bushi kinachosagika bila oili, kisha kinashika kutu pale pale na kutoka kupitia huo mwanya. Cheni inayong'aa kwa nje inaweza kuwa imekauka kabisa kwa ndani.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta mafuta ya taa robo lita, brashi moja ya nailoni yenye nywele ngumu, mswaki wa meno uliochakaa, matambara mawili makavu, kipande cha kadibodi, oili ya gia (SAE 90 au 80W-90), na bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano. Petroli iacheni: cheche moja inatosha, na mvuke wake unaumiza kichwa. Brashi ya waya nayo hapana.

Ifanye kazi hii jioni ukitoka kazini, cheni ikiwa bado ina joto. Weka pikipiki kwenye dabo stendi, gia iwe frii, zima injini, na ufunguo utoe kabisa uweke mfukoni. Tunasisitiza, maana wapo wanaowasha injini, wanaingiza gia ya kwanza na kushikilia tambara kwenye cheni inayozunguka, ili kazi iende haraka. Tambara likinaswa, vidole vinafuata hadi kwenye sproketi. Tairi lizungushe kwa mkono.

Anza na kufuta matope makavu. Kisha chovya brashi kwenye mafuta ya taa usugue pande nne: juu, chini, kushoto, kulia, sehemu moja baada ya nyingine. Kadibodi iweke kati ya cheni na tairi ili mafuta yasirukie tairi wala habu, kile kitovu cha tairi, maana ndani yake kuna breki. Mswaki ni wa kati ya mabamba. Fungua pia kava la sproketi ndogo pale mbele: mara nyingi utakuta donge la uchafu mgumu limejazana nyuma yake, linaitemea cheni mchanga kila inapopita. Likwangue kwa bisibisi. Futa cheni kwa tambara kavu, iache dakika 15 hadi 20 mafuta ya taa yakauke. Ukiharakisha, mafuta ya taa yaliyobaki ndani yataichanganya oili mpya na kuifanya nyepesi.

Kupaka oili kunataka utulivu. Tafuta ile loki ya cheni, kiungo chenye klipu, uifanye alama ya kuanzia. Paka kwenye cheni ya chini, upande wake wa ndani unaotazama juu, kwa sababu cheni ikizunguka oili husukumwa kwenda nje na itapita viungoni njiani. Tone moja kwenye mwanya wa kushoto, tone moja kwenye mwanya wa kulia, songeza kiungo kinachofuata. Kwa viungo 118 hayo ni matone 236, sawa na takribani mililita 12 tu. Bomba moja la sindano linabaki na chenji. Loki ikirudi ulipoanzia, zungusha tairi mara 20 au 30, iache pikipiki ilale hivyo.

Asubuhi futa cheni kwa nje kwa tambara kavu mpaka isiache alama nzito kidoleni. Hapa wengi hushtuka: "Mbona naifuta oili niliyoiweka?" Inayofutika si inayofanya kazi. Ndiyo maana kupaka asubuhi na kuondoka hapo hapo ni hasara: oili haijapata muda wa kuzama, na kilomita ya kwanza inarushwa yote kwenye rimu na suruali ya abiria.

Rudia kupaka kila kilomita 500. Ukitembea kilomita 120 kwa siku, hiyo ni kila siku ya nne. Kusafisha kwa mafuta ya taa kunatosha mara moja kwa kila kupaka mara mbili, ila ukipita matope au mvua kubwa, fanya siku hiyo hiyo. Mafuta ya taa yaliyotumika usiyamwage mtaroni. Yatie kwenye chupa tupu, uchafu utatuama, na ya juu utayatumia tena.

SWALI: Kijiweni kwetu fundi anapaka girisi nene cheni nzima, anasema inakaa muda mrefu kuliko oili. Mwingine anasema oili chafu inatosha, ni ya bure. Nimfuate nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Fundi wa girisi anasema kweli nusu. Girisi inakaa muda mrefu, lakini inakaa nje. Ni nzito mno kupenya ule mwanya tulioueleza hapo juu, na ikishakauka na vumbi inauziba, hata oili utakayoweka baadaye haipiti. Wazee wa kazi walikuwa na njia ya kuitumia girisi kwa haki: cheni inavuliwa, inaoshwa, inazamishwa kwenye girisi iliyoyeyushwa kwa moto hadi iingie ndani, kisha inaning'inizwa ipoe na kufutwa. Njia hiyo inafanya kazi kwa cheni isiyo na viraba kwenye viungo. Lakini girisi ya moto juu ya jiko la mkaa ni hatari ya kuungua na ya kuwasha banda, na mtu anayeishi kwa pikipiki hana siku ya kuvua cheni na kuipika.

Oili chafu: ni afadhali kuliko cheni kavu, na hapo ndipo sifa yake inapoishia. Ina masizi na chembe za chuma zilizotoka kwenye injini, ndiyo sababu uliimwaga. Tena ni nyepesi, haishiki vizuri kwenye cheni, inarushwa na kumwagika. Chupa ya lita moja ya oili ya gia ukitumia mililita 12 kila mara inatosha kupaka zaidi ya mara 80. Piga hesabu ya mtaani kwako, linganisha na bei ya cheni seti.

Na kwa kuwa mmeuliza wengi: yale madawa ya kopo ya kulegeza nati zenye kutu yanafukuza maji na kusafisha vizuri, lakini hukauka upesi. Ukiyatumia, fuatisha oili.

SWALI: Cheni yangu nikizungusha tairi, mahali pengine imekaza, mahali pengine imelegea hadi inagonga kava. Nikikaza panapolegea, pale pengine inakuwa kama waya wa gitaa. Nifanyeje?
Msomaji, Kisii

JIBU: Pima panapokaza, si panapolegea. Hilo ndilo jibu fupi.

Refu ni hili. Zungusha tairi polepole ukipima ulegevu katikati ya sproketi mbili, kwenye cheni ya chini: isukume juu kwa kidole, ishushe, pima jumla ya mwendo wake kwa rula. Pikipiki nyingi ndogo za barabarani zinataka milimita 20 hadi 30, lakini tazama stika iliyobandikwa kwenye mkono unaobeba tairi la nyuma, au kitabu chake, na ufuate hicho. Tia alama ya chaki pale cheni inapokaza zaidi, na uache ulegevu unaotakiwa hapo hapo.

Kwa nini tunaogopa kukaza kuliko kulegea? Tairi la nyuma likipanda na kushuka, umbali kati ya sproketi mbili unabadilika. Ukibeba mzigo, na hasa wale wa kubeba mishikaki, cheni inazidi kukaza. Ikiwa tayari ilikuwa imekaza pikipiki ikiwa tupu, haina pa kwenda: inavuta beringi ya shafti ya gia, oil sili ya pale mbele inaanza kuvuja, beringi za habu zinaliwa, na mwisho cheni yenyewe inakatika. Cheni iliyolegea kidogo inapiga kelele. Iliyokaza inaharibu kimya kimya.

Kukaza: legeza nati kubwa ya ekseli (kama ina kota pini, kile kipini kinachozuia nati isilegee, itoe kwanza), kisha geuza nati za kurekebishia: ya upande wa kushoto robo mzunguko, ya upande wa kulia robo mzunguko, hivyo hivyo kwa zamu. Alama za kushoto na kulia zilingane. Usiziamini peke yake: chuchumaa nyuma ya pikipiki, funga jicho moja, tazama cheni inavyokwenda mbele. Ikiwa imepinda, tairi halijanyooka. Alama nyingine ni meno ya sproketi kubwa: yakiwa yamelika na kung'aa ubavu mmoja tu, cheni inakwenda upande. Kaza ekseli, pima tena, maana kukaza ekseli mara nyingi hubadilisha ulegevu, kisha weka kota pini mpya.

Halafu breki! Kwa breki ya ngoma yenye fimbo, tairi likirudi nyuma fimbo inavutika na breki inakaza. Wengi wamechoma lainingi za breki kwa kusahau hili. Zungusha tairi, hakikisha halishikwi, legeza nati ya fimbo ya breki panapohitajika, na uangalie kama taa ya breki haijabaki inawaka.

Tofauti ya kukaza na kulegea ikizidi kama milimita 10 kati ya sehemu moja na nyingine, tafuta chanzo. Huenda kuna viungo vilivyoganda kwa kutu: cheni ya chini ikining'inia utaviona vimebaki vimekunjika kama kidole chenye gauti. Weka oili, vikunjekunje kwa mkono, rudia kesho yake. Visipolegea, au ikiwa cheni imelika sehemu moja kuliko nyingine, hakuna marekebisho yatakayoinyoosha.

SWALI: Shikamooni. Nati za kurekebishia zimefika mwisho. Fundi anataka kukata viungo viwili vya cheni ili niendelee. Mwingine anasema nibadilishe cheni peke yake, sproketi bado ni nzima. Nina haraka ya marejesho ya mkopo wa pikipiki.
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba. Kwanza pima, kabla ya kumsikiliza yeyote, sisi tukiwemo.

Cheni nyingi za pikipiki hizi ni saizi 428. Ile 4 ya mwanzo ni idadi ya sehemu za nane za inchi kutoka pini hadi pini, yaani nusu inchi, milimita 12.7. Pini 21 mfululizo zina nafasi 20 kati yake, kwa hiyo cheni mpya inatoa milimita 254. Vuta cheni inyooke, weka rula katikati ya pini ya kwanza, soma katikati ya pini ya 21. Pima sehemu tatu tofauti. Ukipata 257, anza kuweka akiba. Ukipata 259, cheni imekwisha.

Cheni haivutiki kama mpira, ingawa sote tunasema "imevutika". Kinachotokea ni kwamba pini na bushi zimelika, kila kiungo kikaongezeka robo ya milimita. Kwa viungo 118 hizo ni karibu milimita 30. Kukata viungo viwili kunaifupisha cheni, lakini kila kiungo kilichobaki bado kina ile robo ya ziada. Rola hazikai tena kwenye mabonde ya sproketi, zinapanda kwenye mbavu za meno na kuyachonga. Utapata wiki chache, kisha cheni itaanza kuruka meno ukipanda mlima na abiria, au itachomoka. Ikichomokea mbele inaweza kukwama na kuvunja ukuta wa injini. Ikichomokea nyuma inaweza kufunga tairi ukiwa mwendoni.

Sproketi je? Tazama ndogo kwanza. Kwa meno 14 mbele na 42 nyuma, ya mbele inazunguka mara tatu kila ya nyuma ikizunguka mara moja, kwa hiyo ndiyo inayotangulia kufa. Jino zima lina mbavu mbili zinazofanana. Jino lililokwisha limeinama upande mmoja kama ndoano, au limechongoka kama jino la papa. Jaribio jingine: shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute nje. Ikiachana na sproketi hadi unaona nusu ya jino, seti yote imekwisha.

Ushauri wetu ni seti nzima, cheni na sproketi mbili. Cheni mpya juu ya sproketi iliyochongoka inavutwa na meno machache tu na inalika haraka. Kama pesa haitoshi kabisa na sproketi kubwa bado ina meno yenye mbavu sawa, badilisha cheni na sproketi ndogo pamoja. Ndogo ni rahisi. Dukani soma chuma, si boksi: 428H ina mabamba mazito kuliko 428 ya kawaida, na hesabu viungo vilingane na vya zamani. Idadi ya meno iwe ile ile. Ukiongeza meno ya mbele kwa tamaa ya mwendo, kilima kitakudai.

SWALI: Cheni inapata kutu usiku mmoja tu. Naishi karibu na bahari, na wakati mwingine napita ufukweni.
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Chumvi inavuta unyevu hewani, kwa hiyo hata cheni iliyokauka inalowa yenyewe usiku. Mafuta ya taa hayaondoi chumvi, maji baridi ndiyo yanaiondoa. Siku uliyopita ufukweni, mwagia cheni maji safi kwa ndoo au mpira usio na kasi, futa, tembea kilomita mbili tatu ipate joto, kisha oili hapo hapo. Mashine ya maji ya kasi ya kuoshea magari isielekezwe kwenye cheni wala habu: inasukuma maji na mchanga ndani ya viungo na beringi. Na lile kava la cheni ulilolitoa kwa sababu linapiga kelele, lirudishe. Tia washa ya raba kwenye bolti zake, litanyamaza.

SWALI: Pikipiki yangu kubwa ina cheni yenye viraba vidogo kwenye viungo. Nayo naosha vile vile?
Msomaji, Arusha

JIBU: Karibu vile vile. Viraba hivyo vinafungia girisi iliyowekwa kiwandani kati ya pini na bushi, kwa hiyo huhitaji kuingiza kitu ndani. Unachofanya ni kulainisha rola na kuzuia raba zisikauke. Mafuta ya taa na brashi laini, usiiloweke. Petroli, thina na brashi ya waya vinaua raba, na raba moja ikikatika kiungo hicho kinakauka kabla ya vingine. Oili ya gia inafaa, au dawa ya kopo iliyoandikwa kuwa inafaa cheni za aina hiyo. Usiizamishe kwenye girisi ya moto.

SWALI: Klipu ya loki imenitoka mara mbili njiani. Inaelekea wapi?
Msomaji, Tabora

JIBU: Mdomo uliofunga wa klipu uelekee kule cheni inakokwenda, mdomo wazi ubaki nyuma. Loki ikiwa kwenye cheni ya juu, upande uliofunga utazame usukani. Ikiwa kwenye cheni ya chini, utazame taa ya nyuma. Ukigeuza, chochote kitakachogusa klipu njiani kitaisukuma itoke. Ikae upande wa nje unaoonekana, iingie kwenye mifereji ya pini zote mbili hadi usikie "tiki". Klipu iliyokwisha kutoka mara mbili imepanuka. Nunua loki mpya ya saizi ya cheni yako, na ya akiba ifunge kwa mkanda wa plastiki chini ya siti.